Kutokea kwenye jalada la Time si kupigiwa debe

Kila baada ya uchaguzi wa rais Marekani, lawama hurudi ileile: jarida la Time limemteua fulani kuwa Mtu wa Mwaka, basi linampendelea. Si hivyo. Kipimo cha uteuzi huo, ulioanza mwaka 1927, ni nani aliyetikisa habari za mwaka kuliko wengine, kwa heri au kwa shari. Ndiyo maana Hitler aliteuliwa kwa mwaka 1938, Stalin mara mbili, na Khomeini, kiongozi wa Iran, kwa mwaka 1979. Sidhani kama kuna anayeamini wahariri wa New York waliwapenda hao.

Tangu mwaka 2000, kila mshindi wa urais amepata jalada hilo mwaka aliochaguliwa: Bush, Obama, Trump, Biden (huyu pamoja na Kamala Harris). Tena siku hizi hutangazwa Desemba, kura zikiwa zimeshapigwa Novemba. Kampeni ya nini wakati huo?

Upendeleo upo, ila utafutwe kwingine. Henry Luce, mmoja wa waanzilishi wa jarida hilo, alimuunga mkono waziwazi mgombea urais Eisenhower mwaka 1952, na wafuasi wa mpinzani wake, Stevenson, walikuwa na sababu ya kunung'unika. Upendeleo wa aina hiyo hujificha katika sifa anazobandikwa mgombea, picha iliyochaguliwa, na nani kanukuliwa.