Joto la Januari hadi Machi na mtoto mchanga: ninayowaeleza wazazi wa Kisumu

Mimi ni daktari wa watoto na kazi yangu ya kila siku iko hapa Kisumu. Kuanzia Januari hadi mvua za masika zitakaposhika, wazazi wengi huniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: nimkinge vipi mtoto wangu na jua hili? Baadhi yao hushangaa ninapowajibu, kwa kuwa sianzi na losheni wala miavuli. Ninaanza na nguo alizovikwa mtoto, kwa sababu kwa watoto wengi wa huku kwetu, joto linalozuiliwa mwilini lina hatari iliyo karibu zaidi kuliko ngozi kubabuka.

Hata hivyo, jua lenyewe si la kudharauliwa. Kisumu iko kilomita chache tu kusini mwa Ikweta, katika kimo cha zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inayochuja miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, inavyopungua. Ndiyo maana Nakuru, yenye kimo cha zaidi ya mita 1,800, ina miale mikali ingawa hewa yake ni baridi, na ubaridi huo huwafanya wazazi wengi wa kule wasione haja ya kutafuta kivuli. Kuna jambo jingine ambalo ni wachache wanaolifikiria: tunatumia saa moja na Mombasa ilhali sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo mwezi Februari jua letu hufika kilele karibu saa saba mchana, wala si saa sita. Mzazi anayetoka saa nane akidhani kwamba jua limeshapunguza makali bado analikuta na nguvu zake. Mimi hushauri mtoto mchanga akae kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na wanaokuja kwa chanjo ninawasihi wafike mapema ili safari ya kurudi nyumbani isiangukie mchana kamili.

Mwili wa mtoto mchanga hupokea joto kwa haraka na kulitoa kwa shida. Ngozi yake ni nyembamba, eneo la ngozi hiyo ni kubwa ukililinganisha na uzito wake, na tezi zake za jasho bado hazifanyi kazi sawasawa na za mtu mzima. Ngozi nyeusi ina kinga ya asili dhidi ya kuungua, lakini melanini ya mtoto, yaani ile rangi inayoipa ngozi weusi wake, huendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliwa, na hata ikishaongezeka haizuii mwili kupata joto kupita kiasi. Zaidi ya hayo, mtoto hawezi kujivua sweta wala kusogea kivulini. Uwezo wake wote ni kulia, na joto likimzidi sana hata kilio hicho hufifia.

Sasa turudi kwenye nguo. Mchana mmoja wa Februari nilimlaza mtoto wa wiki chache kwenye meza ya uchunguzi, nikaanza kumvua: shali, blanketi, sweta, boshori la sufu, soksi, hadi nikafika kwenye fulana iliyolowa jasho mgongoni, na shingoni mikunjo yote ilikuwa imejaa vipele vyekundu vya harara. Nyanya yake, aliyekuwa amesimama kando, aliniambia kwa wasiwasi, “Daktari, upepo utamwingia kifuani.” Hofu hiyo ninaiheshimu, kwa maana nimonia imeua watoto wengi, na mtu aliyewahi kumwona mtoto akihema kwa tabu hasahau. Lakini nimonia huletwa na virusi na bakteria, na moshi wa jikoni pamoja na kukosa chanjo humhatarisha mtoto kuliko upepo wa mchana wenye joto la nyuzi 30. Nilimwomba nyanya aweke kiganja chake mgongoni mwa mjukuu wake, kisha tukamwacha mtoto na fulana kavu na nepi tu. Baada ya muda mfupi alitulia, akanyonya.

Mchana wa joto, nguo moja nyepesi ya pamba yenye nafasi inatosha, na boshori livuliwe mtoto akiwa ndani ya nyumba. Kipimo cha kuaminika ni shingo kwa nyuma, kifua na mgongo. Viganja na nyayo za mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha, na hapo ndipo wengi hupotea na kumwongezea nguo. Ushauri huu hauwahusu watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo, ambao wanahitaji kutunziwa joto kwa utaratibu walioelekezwa wazazi wao hospitalini.

Nyumba pia huchangia. Katika mitaa kama Manyatta, Nyalenda na Obunga, vyumba vingi vimeezekwa kwa mabati bila dari, na alasiri ndani yake huwa na joto kuliko chini ya mwembe ulio nje. Kumtoa mtoto na kumlaza kivulini ni uamuzi mzuri, mradi awe chini ya chandarua chenye dawa na mtu awe karibu, kwa sababu kivuli huhama na mtoto aliyelazwa vizuri saa saba anaweza kuwa juani saa nane. Wanaoishi kando ya ziwa, kwa mfano Dunga, wakumbuke kwamba maji na mchanga hurudisha sehemu ya miale, hivyo kivuli cha karibu na maji hakikingi sawasawa na kile cha uani.

Njiani, tafadhali msimfunike mtoto uso kwa leso au shali. Ninaelewa kwamba mama aliye kwenye tuktuk anakwepa vumbi na jua, lakini chini ya kitambaa hicho hewa haizunguki, joto hupanda, na mama haoni uso wa mwanawe ukibadilika. Mwavuli ni bora mara nyingi zaidi. Mtoto aliyebebwa mgongoni hupokea pia joto la mwili wa mama, kwa hiyo safari ikiwa ndefu afunguliwe, apumzishwe kivulini na anyonyeshwe. Kumwacha mtoto ndani ya gari lililoegeshwa, hata kwa kuingia dukani mara moja, ni jambo ambalo halipaswi kufanyika kabisa, kwani joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10, na kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana.

Kuhusu kiu, mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji hata wakati wa kiangazi, kwani sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi, naye mama anahitaji kunywa maji zaidi. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayenyonya vizuri hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Nepi zikibaki kavu, utosi ukibonyea au akawa mlegevu na mgumu kuamka, aletwe hospitalini siku hiyohiyo.

Naomba nisisitize jambo la homa. Mtoto aliyefungwa nguo nyingi anaweza kuonyesha joto kubwa kwenye kipimajoto, na ni sawa kumpunguzia nguo, kumkalisha penye hewa na kumpima tena baada ya robo saa. Lakini tunaishi katika eneo la malaria, na sitaki mzazi yeyote aseme “ni jua tu” akabaki nyumbani. Joto likibaki juu apimwe malaria, na kwa mtoto aliye chini ya miezi 3, nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Akipata degedege au akizimia, mvueni nguo, mpangusieni mwili kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu huku mkiwa njiani kwenda hospitalini, wala msimtilie chochote mdomoni.

Wengine huambiwa waanike juani mtoto mwenye umanjano, yaani aliyegeuka rangi ya njano machoni na kwenye ngozi. Umanjano wa siku za kwanza unaweza kudhuru ubongo, na tiba yake ni taa maalumu za hospitali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 kutoka Nigeria yalionyesha kwamba mwanga wa jua unaweza kutibu, lakini huko watoto waliwekwa chini ya mahema yenye karatasi za kuchuja miale hatari huku wahudumu wakiwapima joto. Hilo ni tofauti kabisa na kumlaza mtoto uani. Kwa wanaomwanika mtoto wakihofia matege, yaani miguu kupinda kwa kukosa vitamini D ambayo ngozi huitengeneza juani, zipo dawa za matone ya vitamini D, na kiasi kinachoshauriwa kwa mtoto mchanga ni yuniti 400 kwa siku. Muulizeni anayemhudumia mtoto wenu.

Losheni nimeiacha mwisho kwa makusudi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 ni ya kupakwa kidogo usoni na mikononi pale tu kivuli na nguo vinapokosekana. Baada ya hapo, ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha nguvu ya losheni kukinga jua) yenye zinki oksaidi, madini yanayozuia miale, inafaa, ikirudiwa kila baada ya saa 2 akiwa nje. Mtoto mwenye ualbino ndiye asiyeweza kuikosa. Kwake miale yenyewe ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa ngozi yake huungua kwa dakika chache na madhara yake hujilimbikiza hadi kuleta saratani ya ngozi ukubwani. Anahitaji mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa karibu lakini chepesi, kofia yenye ukingo mpana pande zote, na uchunguzi wa macho mapema. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kugawa losheni bila malipo kupitia hospitali za umma, kwa hiyo wazazi wamsajili mtoto mapema na waulize kuihusu losheni hiyo wanapomleta kwa chanjo.