Okidi ya miambani inayodhaniwa kuwa mkonge pori

Anayeingia Masasi, kusini mwa Tanzania, huiona milima ya mawe kabla hajaziona nyumba. Miamba ile mikubwa iliyotokeza katikati ya tambarare wengi huiona kuwa mahali pakavu pasipo na faida, labda ya kupasulia kokoto. Kwetu sisi wa mimea ni makazi yenye wakazi wake. Mazingira ya namna hiyo, yenye nyufa, mchanga kidogo na kichaka cha kutia kivuli, ndiyo yanayopendwa na okidi iitwayo kitaalamu Eulophia petersii.

Okidi hii huota sehemu kame kuanzia Uarabuni hadi Afrika Kusini, na Tanzania imo. Jina lake linamkumbuka Wilhelm Peters, mtafiti wa Kijerumani aliyekusanya mimea na wanyama Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, katika miaka ya 1840.

Isipokuwa na maua, wapita njia huidhania mkonge pori au shubiri, nao wana sababu: majani yake ni machache, mazito na magumu, yamesimama. Pitisha kidole taratibu ukingoni mwa jani utahisi vimeno vidogo sana vikikwaruza. Kisha angalia chini. Mkonge pori hauna shina lililovimba, lenye mifereji ya wima, lililokaa juu ya ardhi. Okidi hii inalo, na mara nyingi mashina hayo husongamana kichungu kizima, yaani fungu moja. Ubavuni mwa shina ndipo unapochomoza ufito wa maua, ambao unaweza kumpita mtu mrefu kwa kimo. Ua lenyewe si kubwa, lakini likaribie: vipande vitatu vya nje ni vya kijani kilichochanganyika na hudhurungi, ncha zimejikunja kwa nyuma, ndani kuna petali nyeupe, na mdomo, yaani petali moja iliyo tofauti na nyingine, mweupe wenye matuta ya zambarau. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa maua mazuri kuliko yote ya nchi kavu.

Lile shina nene ni ghala. Kusini mvua zikikatika Mei, mwamba hukaa miezi mingi bila maji ya maana, na mmea huishi kwa akiba iliyojiwekea wakati wa mvua. Si kimelea, haunyonyi mmea mwingine. Mizizi yake minene hupenya kwenye majani makavu na vumbi vilivyonasa ufani.

Ugumu uko kwenye mbegu. Tunda moja la okidi hubeba maelfu ya mbegu, laini kama vumbi la unga, zinazopeperushwa na upepo. Wepesi huo una gharama yake: mbegu haina akiba ya chakula kama iliyo ndani ya punje ya mtama. Haiwezi kukua mpaka ikutane na kuvu wa aina inayoifaa, aingie ndani yake na kuilisha. Jambo hili lilifahamika mwaka 1899 kupitia kwa mtafiti wa Kifaransa, Noël Bernard. Kwa hiyo mbegu nyingi mno hufia kwenye jiwe tupu, na ile iliyobahatika huchukua miaka kabla ya kutoa ua. Kichungu unachokiona ufani kina umri. Ukiking'oa kwa dakika mbili, usitegemee mwenzake kuota pale msimu ujao.

Ndiyo maana moto wa kichaa unanisikitisha sana. Mtu anasafisha shamba la mikorosho chini ya mlima, upepo unageuka, moto unapanda na majani makavu ya ufani, yale yale yanayoihifadhi mizizi. Barabara ya kuzuia moto kati ya shamba na mwamba ni kazi ya siku chache, nayo inaokoa pia mikorosho ya jirani.

Kuhusu biashara, okidi zote zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Tanzania ni mwanachama. Kuzivusha mpakani kunahitaji kibali, hata kama uliyenayo ni shina moja ndani ya begi.

Ikiwa mwamba umekwisha kuidhinishwa kupasuliwa na kuna okidi juu yake, mwone Afisa Maliasili wa wilaya kabla baruti hazijafika. Kichungu huweza kuhamishiwa ufa wa mwamba wa jirani, mvua zinapoanza. Kiondolewe kizima pamoja na mizizi, kishikizwe kwa mawe madogo na majani makavu, na lile shina lililovimba libaki juu, likifukiwa litaoza.

Ukiiona porini, piga picha ya mmea mzima, ukingo wa jani na mdomo wa ua, uandike tarehe na jina la mlima, kisha umpelekee afisa huyo huyo. Mmea uache pale pale.