Kujaza Viti Si Kujenga Jamii

Kila nikiendesha semina ya viongozi wa dini, hakosi mtu wa kusimama na kusema: "Imani ya watu ikiimarika, kusaidiana kutakuja kwenyewe." Nimechoka kuisikia hiyo.

Hakuji kwenyewe. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alishaeleza mwaka 1912 kwamba dini huwaunganisha watu kwa kuwakusanya na kuwafanya watende jambo pamoja. Mwaka 2010 watafiti Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha utafiti wao wa Marekani: wanaohudhuria ibada mara kwa mara waliridhika zaidi na maisha, ila hasa wale wenye marafiki wa karibu humo humo wanamoabudu. Anayekuja kila wiki na kuondoka bila kujuana na mtu hakuipata nafuu hiyo. Sala za faragha nazo hazikueleza tofauti kubwa.

Kwa hiyo kiongozi akijisifu kwamba nyumba yake ya ibada hufurika hadi nje, mimi humuuliza: aliyekosekana wiki tatu mfululizo, nani alikwenda kumjulia hali? Kimya. Watu hujuana kwenye kwaya, kwenye darasa, kwenye kamati ya mazishi, hata kwenye kuosha vyombo sherehe ikiisha. Ushauri wangu, ambao wengi huupuuza: pesa ya kununua spika mpya za sauti iwekeni kando kwanza, anzisheni vikundi vidogo, na mgeni apewe kazi mapema kabla hajazoea kukaa nyuma na kutazama.

Yako na madai mengine ninayoyasikia. "Pasipo dini hapana maadili." Lakini Denmark na Sweden, wanaohudhuria ibada ni wachache, na bado raia wake ni miongoni mwa watu wanaoaminiana zaidi duniani.

"Dini huleta amani", au, kwa wanaoipinga dini, "dini huleta vita". Afrika Kusini, Kanisa la Kireformu la Kiholanzi lilihalalisha ubaguzi wa rangi huku Askofu Desmond Tutu akiupinga kwa Biblia ile ile. Vita vya Msumbiji vilimalizwa mwaka 1992 kwa mazungumzo yaliyosimamiwa Roma na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Mshikamano wa kundi huweza kumkumbatia jirani au kumfungia mlango. Inategemea wanaouongoza wanataka nini.

"Dini inakufa." Hili silipotezei muda. Mwanasosholojia Peter Berger, aliyelitabiri miaka ya 1960, alilikana mwenyewe mwaka 1999. Wanaolirudia bado huwa wameangalia Ulaya Magharibi tu.