Kwa nini kidude cha sauti cha elfu kumi kiliishinda kompyuta ya laki nane?

Mama mdogo ana kaseti 14 ndani ya kopo la biskuti, na kila moja ameiandika kwa wino mwekundu: "Taarabu, usiguse." Mwaka huu ameruhusu ziguswe. Mjukuu anaolewa, na yeye anataka nyimbo za Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa hapa Tanga, ziingizwe kwenye flashi zipigwe siku ya shughuli. "Si wewe ndiye mtu wa kompyuta?" akaniuliza. Nikabeba kopo.

Nikafanya ambalo wengi wangefanya. Nilichukua redio kaseti yake, nikachomeka waya kutoka tundu la hedifoni mpaka tundu la maiki la kompyuta yangu mpakato, nikaanza kurekodi. Wimbo uliingia, ila chini yake kulikuwa na mvumo, vuuu, na juu ya mvumo kitu kingine kabisa: nikisogeza mausi, zii-zii-zii, kwa mwendo ule ule wa mkono wangu. Nikiacha, kinanyamaza. Feni ikianza kuzunguka, nayo inajitia kwenye taarabu.

Fundi mmoja wa Ngamiani, barabara ya 9, wala hakuifungua kompyuta. Alivuta droo akatoa kidude cha ukubwa wa flashi: upande mmoja kichwa cha USB, upande wa pili matundu mawili, la kijani na la pinki. "Elfu kumi, mjomba. Rekodi kupitia hapa. Kikilia tena nirudishie."

Nilimcheka kimoyomoyo. Kompyuta nimeinunua laki nane, halafu iokolewe na plastiki ya elfu kumi? Jioni ile nilichomeka, nikarekodi, nikasogeza mausi kwa makusudi. Kimya. Zii-zii hakuna.

Sababu iko hivi. Sauti ikishaingia kwenye waya inakuwa umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa kufuata mtikisiko ule wa hewa. Ni mdogo kweli: unaotoka kwenye maiki hupimwa kwa sehemu za elfu za volti moja. Sasa umeme huo dhaifu unaingia ndani ya kompyuta, ambako prosesa, yaani ubongo wake, inawasha na kuzima swichi zake mara bilioni kadhaa kwa sekunde, feni inavuta, taa ya skrini inavuta, Wi-Fi inavuta. Wote hao wanakunywa umeme kwa mafunda, na kila funda linatikisa njia za umeme ambazo chipu ya sauti nayo inazitegemea. Mtikiso ukiwa mdogo kiasi gani, kwa mgeni mwenye nguvu ya sehemu za elfu za volti ni kishindo. Mausi ikisogea, prosesa inaamka kuuchora mshale upya kwenye skrini, na ule mwamko ndio niliokuwa nausikia.

Kompyuta nyingine zimesukwa vizuri, chipu ya sauti imetengwa pembeni na njia zake zimekingwa, hazina tatizo hili. Yangu haikuwa miongoni mwao.

Kidude cha USB hakina ufundi mkubwa kuliko kompyuta. Ujanja wake ni mahali kinapofanyia kazi. Kinaupima ule umeme huko huko nje, kabla haujakanyaga bodi ya kompyuta. Ndani yake mna chipu moja, na katika vingi vya bei hii huwa ni ya C-Media, kampuni ya Taiwan. Chipu hiyo huupima umeme wa sauti mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo hukiandika kama namba, ikichagua ngazi moja kati ya 65,536. Kinachoingia kwenye kompyuta ni namba tupu.

Na namba haziogopi kelele. Mtume mtoto soko la Mgandini akuletee bakuli la supu lililojaa pomoni: atakumbwa na mikokoteni na baiskeli, na kila kikumbo kitapunguza supu. Mtume na karatasi iliyoandikwa "nazi 3": itakunjika, itaingia jasho, pengine tone la mafuta, lakini muuzaji akiifungua bado ni nazi 3. Njia ni ile ile, vikumbo ni vile vile. Umeme wa sauti ni supu. Namba ni karatasi.

Karatasi zenyewe husafirishwa kwa ratiba kali. Kila sehemu ya elfu moja ya sekunde kompyuta hukigeukia kidude: toa. Nacho hutoa vipimo 48. Ukisikiliza badala ya kurekodi, safari inageuka, kompyuta inatuma na kidude kinazirudisha namba kuwa umeme wa kwenda kwenye hedifoni. Sauti ya masikio mawili kwa mpango huo hula biti milioni 1.5 hivi kwa sekunde, wakati hata USB ya kizamani hupitisha milioni 12. Ndiyo maana kidude hufanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu.

Hata kutafuta draiva, ile programu ya kuitambulishia kompyuta kifaa kipya, hakuna. Mwaka 1998 waliotunga kanuni za USB waliandika lugha moja ya kuongea na vifaa vya sauti, na Windows, Linux na kompyuta za Apple zote zinaijua. Unachomeka, kinatambulika. Ila kinatambulika kama kadi ya sauti ya pili, na hapa ndipo wengi hukirudisha dukani wakidai kibovu: kompyuta bado inasikiliza kadi yake ya zamani. Fungua mipangilio ya sauti, uchague kifaa cha USB kwa kusikiliza na kwa kurekodi, vyote viwili.

Sasa lawama zake, maana zipo.

Mvumo ule wa vuuu haukuisha wote. Zii-zii iliondoka, vuuu ikabaki kwa mbali. Kidude kinakula volti 5 za kompyuta hiyo hiyo, na redio kaseti ilikuwa kwenye umeme wa ukutani, na chaja nayo ukutani. Ukiviunganisha kwa waya wa sauti unakuwa umefunga duara, na mkondo mdogo unazunguka humo ukivuma kwa mapigo ya umeme wetu wa gridi, 50 kwa sekunde. Nilichomoa chaja, kompyuta ikabaki na betri yake. Vuuu ikakatika kama imezibwa mdomo.

Tundu la pinki, ambalo ndilo la kurekodia, limetengenezewa maiki: linategemea umeme dhaifu, tena mara nyingi ni la sauti moja, halitenganishi kushoto na kulia. Tundu la hedifoni la redio linatoa umeme mwingi kupita huo. Rekodi ya kaseti ya kwanza niliiharibu kwa sababu hiyo, mwimbaji akipandisha sauti inapasuka, kwani ngazi 65,536 zilikuwa zimemwishia na kilichozidi kikakatwa kichwa. Sauti iliyokatwa hivyo hairudi, hata upunguze vipi baadaye. Teremsha sauti ya redio mpaka kipimo cha kurekodi kisigonge juu hata kwenye kibwagizo. Kisha katika mipangilio ya maiki tafuta kitu kinachoitwa AGC, ukizime. Hicho hujipandishia sauti chenyewe kila wimbo unapotulia, hivyo ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ikinong'ona chenyewe kinaigeuza kelele.

Yale maandishi ya "7.1" kwenye ganda, yanayodai sauti ya spika nane, usiyaamini. Matundu ni mawili, sauti inayotoka ni ya kushoto na kulia, basi. Na hedifoni ya simu yenye maiki, ile ambayo pini yake ina pete tatu nyeusi, itakupa sauti kwenye tundu la kijani lakini maiki yake haitasikika. Kidude cha matundu mawili kinataka pini za pete mbili, moja kila tundu.

Faida moja fundi hakunitajia, nimeiona mwenyewe kwa kukaa Raskazone. Hewa ya chumvi inakula matundu. Tundu la hedifoni la kompyuta likishaota kutu, kulibadilisha ni kufungua mashine nzima. Kidude kikioza, unatoa elfu kumi nyingine.

Kaseti ya sita niliisikiliza pamoja na mama mdogo. Hakurekodi kwa waya zamani zile. Aliweka kinasa sauti mbele ya redio ya baba yake, akabonyeza, akawaambia watu wanyamaze. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu jogoo akawika, halafu mwanamke kwa mbali akaita, "Mwanaidi! Mkaa!"

Mama mdogo akaniomba nirudishe nyuma. "Huyo bibi yako," akasema. "Rudisha tena."