Alama za wachezaji wa besiboli na bahati inayohesabiwa mara mbili

Kazi yangu ni kupanga alama za uwezo za wachezaji katika gemu zinazoigiza mechi za besiboli. Swali ninaloulizwa kila mara na wapenzi wa gemu hizo ni hili: "Huyu alipiga 0.330 msimu uliopita, mbona mmempa alama za mtu wa 0.300?" Namba hizo ni wastani wa kupiga, yaani sehemu ya zamu ambazo mpigaji alipata mpigo salama. Na jibu ni kwamba gemu ina kete zake, yaani bahati yake yenyewe.

Mtazame Norm Cash wa Detroit. Mwaka 1961 aliongoza American League, mojawapo ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani, kwa wastani wa 0.361, akapiga na homurani 41 (mipigo inayovuka uzio). Mwaka uliofuata wastani uliporomoka hadi 0.243, ila homurani zilikuwa 39. Nguvu alikuwa nazo bado. Kilichopungua hasa ni mipira ya kawaida iliyokuwa ikiangukia pasipo na mdakaji. (Mwenyewe alikuja kukiri kwamba gongo lake lilikuwa limetobolewa ndani kinyume cha sheria. Hilo hakuna hesabu inayolinasa.)

Ukiichukua 0.361 kuwa ndiyo uwezo wake, bahati ya 1961 umeshaiweka ndani ya alama, kisha gemu inarusha kete na kumwongezea nyingine. Mpigaji mwenye uwezo halisi wa 0.280, akipewa zamu 500, anaweza kumaliza msimu na 0.260 au 0.300 kwa bahati tu. Kwa hiyo mimi huchukua misimu kadhaa, wa karibuni ukipewa uzito zaidi, halafu naisogeza hesabu kuelekea wastani wa ligi. Homurani na kutolewa kwa straiki (kutolewa bila kugonga mpira uwanjani) nazisogeza kidogo, maana hutulia mapema. Wastani wa kupiga nausogeza sana.

Anayetaka kurudia msimu wa 1961 kama ulivyokuwa ana haki ya kudai kadi ya 0.361. Strat-O-Matic, gemu ya kadi na kete ya Hal Richman, imejengwa juu ya kadi za namna hiyo. Shida huanza pale ligi inapochezeshwa miaka ya mbele kwa alama zile zile.

Kwa warushaji kosa ni kubwa zaidi. Mwaka 2001 mchambuzi wa takwimu Voros McCracken alionyesha kwamba mpira ukishagongwa na kubaki uwanjani, mrushaji ana usemi mdogo juu yake. Mrushaji Pedro Martínez mwaka 1999 alifungwa mipigo salama katika takriban asilimia 32 ya mipira hiyo. Mwaka 2000, takriban 24. Ni mtu yule yule, aliyetoa wapigaji 313 kwa straiki na kisha 284. Mrushaji nampa alama za straiki, za kutembeza wapigaji (kuwapa kituo cha kwanza bure) na za homurani. Mengine nawaachia wadakaji walio nyuma yake.

Halafu kuna zama. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski alikuwa bingwa wa wapigaji wa American League kwa 0.301, ilhali mwaka 1930 National League nzima, ile ligi kuu ya pili, ilipiga 0.303. Alama isiyopimwa dhidi ya ligi ya mwaka wake haina maana.

Ninapokagua gemu, huichezesha misimu mingi na kuangalia vilele. Tangu Ted Williams apige 0.406 mwaka 1941, hakuna aliyefika 0.400 katika ligi hizo mbili. Gemu ikitoa mtu wa 0.400 kila baada ya misimu michache, naanza kuzipunguza alama za wapigaji wa juu.