Je, wajua kwa nini kikosi kizima kilikataa mshahara katikati ya vita?

Mwanzoni mwa 1863, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vikiwa vimepamba moto, Gavana John Andrew wa Massachusetts alianza kuandikisha watu weusi wa kujitolea katika kikosi cha 54 cha askari wa miguu. Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi, sawasawa na askari mzungu. Wana wawili wa Frederick Douglass, mwanaharakati wa kupinga utumwa, walijiunga.

Ilipofika siku ya kulipwa wakaambiwa ni dola 10, tena zikatwe 3 za sare. Mkononi zibaki 7. Serikali kuu ilitegemea sheria ya 1862, ambayo ilimchukulia mtu mweusi jeshini kuwa kibarua wa kuchimba mahandaki.

Wakazikataa zote. Bunge la Massachusetts likajitolea kufidia pengo hilo kwa fedha za jimbo, nazo wakazikataa. Ukaidi? Hapana. Kupokea nyongeza ile kungekuwa kukiri kwamba serikali kuu ilikuwa na haki ya kuwalipa kama vibarua. Septemba 1863 Koplo James Henry Gooding alimwandikia Rais Lincoln moja kwa moja: sisi ni askari, au ni vibarua? Alikuwa na kila sababu ya kuuliza. Miezi miwili tu nyuma, Julai 18, kikosi chake kilikuwa kimeivamia ngome ya Fort Wagner, South Carolina. Kati ya watu wapatao 600, karibu nusu waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Kamanda wao, Kanali Robert Gould Shaw, alifia palepale.

Huku nyumbani wake na watoto wakitaabika, wanaume hawa waliendelea kupigana bure. Februari 1864, kule Olustee, Florida, waliingia vitani wakipiga ukelele wa kejeli: “Massachusetts na dola saba kwa mwezi!” Gooding alitekwa siku hiyo, akafia katika gereza la Andersonville.

Juni 1864 Bunge la Marekani likasawazisha mishahara, ila malimbikizo ya tangu siku ya kujiunga yalikuwa ya wale tu waliokuwa huru kufikia Aprili 19, 1861. Je, aliyekuwa mtumwa siku hiyo? Kanali Edward Hallowell, aliyeshika nafasi ya Shaw, akatunga kiapo chenye akili: kila askari aape kwamba kufikia tarehe hiyo hakuwa na deni la kumfanyia mtu yeyote kazi bila ujira. Hata mtumwa wa zamani aliweza kuapa hivyo bila kusema uongo, maana hakuna aliyekuwa na haki ya kumtumikisha bure.