Afande, pensheni yako, na wanaotaka iende sokoni

Pale Malaba, upande wa Uganda, kuna steji ya bodaboda ambako redio haizimwi. Mzee mmoja aliyestaafu polisi hukaa hapo kuanzia asubuhi. Alivua sare miaka mingi iliyopita, lakini vijana wa steji bado wanamwita Afande. Jumamosi nilisimama hapo nikisubiri pikipiki. Redioni mchambuzi alikuwa anasema serikali haijui kutunza pesa, kwa hiyo mafao ya wafanyakazi wote, wa umma na wa kampuni, yakabidhiwe makampuni binafsi yashindane. Afande akanigeukia.

"Mwanangu, si ndiyo kazi yako hiyo? Hiyo kampuni, mimi nikifika miaka tisini, itakuwa bado inanitumia?"

Nimekokotoa mafao kwa miaka mingi na nimealikwa studio mara kadhaa kuzungumzia jambo hili. Sijawahi kuulizwa swali lenye uzito kama hilo. Studio huniuliza nani mwizi zaidi, serikali au makampuni. Afande aliuliza nani atabeba hatari ya yeye kuishi maisha marefu. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa yeyote mwenye mchango unaokatwa kila mwezi.

Tuanze na jambo ambalo redio hulichanganya kila siku. Uganda tuna mifumo miwili isiyofanana hata kidogo. Mtumishi wa umma, yaani mwalimu, muuguzi au polisi kama Afande, hakatwi chochote kwenye mshahara kwa ajili ya pensheni. Analipwa kutoka Mfuko Mkuu wa serikali, kwa kodi zinazokusanywa mwaka huu. Mfanyakazi wa kampuni binafsi yuko NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Huko anakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 10, na akifika miaka 55 anachukua akiba yake yote pamoja na riba. Wa kwanza ana ahadi. Wa pili ana akaunti. Anayesema "tubinafsishe pensheni" bila kutaja anazungumzia ipi bado hajasema kitu.

Afande anapata nini hasa? Nilimchorea nyuma ya karatasi ya chapati, kwa mshahara wa mfano. Tuseme askari ametumikia miaka 31, yaani miezi 372, na mshahara wake wa mwisho ni 500,000 kwa mwezi, milioni 6 kwa mwaka. Kikokotoo chetu kinachukua miezi ya utumishi, kinazidisha kwa mshahara wa mwaka, kisha kinagawa kwa 500. Inatoka 4,464,000 kwa mwaka. Theluthi moja yake inazidishwa mara 15 na kulipwa kwa mkupuo kama kiinua mgongo, shilingi 22,320,000. Theluthi mbili zinazobaki zinalipwa kila mwezi, 248,000 kwa kuanzia, na malipo yanaendelea hadi siku anapofariki.

Hadi siku anapofariki. Hapo ndipo penye uzito wote. Akifa mwaka wa pili, hesabu imeishia hapo upande wake. Akifika miaka 97, hazina inaendelea kulipa. Wanaotangulia wanawabebea wanaochelewa, na hakuna anayelazimika kukisia atakufa lini. Katiba ya 1995, ibara ya 254, inasema pensheni isitozwe kodi, ipitiwe upya mara kwa mara kufuatana na thamani ya fedha, na ilipwe kwa wakati kwa namna iliyo rahisi kwa mstaafu kuipata.

Ibara hiyo kila mstaafu anaijua kwa machungu. Kwa hiyo sitawabeza wanaotaka mageuzi, maana hasira yao ina msingi. Mwaka 2012 ilifichuka kashfa ya wastaafu hewa, mabilioni ya shilingi yakilipwa kwa watu ambao hawakuwepo, wakati waliopo walikuwa wanalala kwenye korido wakifuatilia faili. Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi maisha yake yote. Faili lake lilipotea ofisi moja ambayo sitaitaja, likapatikana, likapotea tena kwa sababu jina la kati liliandikwa kwa herufi tofauti kwenye barua ya ajira na kwenye kitambulisho. Alikuwa anapanda basi alfajiri na bahasha ya nailoni kifuani, ndani yake kila barua aliyowahi kuandikiwa kazini. Mtu aliyepita hapo akisikia neno "binafsi" redioni, moyo wake unapumua. Namwelewa.

NSSF nayo ina makovu. Mwaka 2008 ununuzi wa ardhi ya Temangalo kwa shilingi bilioni 11 ulifika Bungeni na kuitikisa nchi. Mwanzoni mwa 2023 Bunge likaunda tena kamati teule kuuchunguza mfuko. Huwezi kumlaumu mfanyakazi anayeuliza kwa nini sheria imlazimishe kuweka akiba mahali pamoja tu.

Swali hilo ndilo lililozaa muswada wa 2011 wa kuliweka huru soko la mafao. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyounda mamlaka ya kusimamia sekta, URBRA. Msimamizi tukampata, soko huria halikuja. Muswada ulizungushwa Bungeni kwa miaka, wabunge wa wafanyakazi na mashirikisho ya vyama vya wafanyakazi, NOTU na COFTU, wakaupinga, na haukuwa sheria. Kilichopita mwishowe, Januari 2022, ni marekebisho ya sheria ya NSSF. Mwanachama mwenye miaka 45 na zaidi aliyechangia miaka 10 akaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake, na kila mwajiri akalazimika kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Magazeti yaliandika mno kuhusu ile asilimia 20. Lile la pili, lililomfungulia mlango muuza duka na msaidizi wake, lilipita kimyakimya, nami naliona kubwa zaidi.

Sasa hoja ya ushindani, inayopigiwa debe kuliko zote. Wanasema makampuni kumi yakigombania mchango wako, faida itapanda na gharama zitashuka. Kwenye sabuni au muda wa maongezi wa simu nakubali. Lakini pesa ya mafao Uganda inawekezwa wapi? Sehemu kubwa iko kwenye hati fungani za serikali, yaani hati za mkopo ambazo serikali inauza na kuzilipia riba. Soko la Hisa la Uganda lina kampuni zisizofika 20, na zenye kununulika kwa wingi ni chache zaidi. Kwa hiyo makampuni hayo kumi yatakwenda kwenye mnada uleule wa Benki Kuu, yanunue hati fungani zilezile, kwa riba ileile. Kitakachotofautiana ni matangazo, ofisi, mawakala na ada. Vyote hivyo vinalipwa na mwenye akaunti.

Nimeiona ada hiyo kwa macho yangu. Niliwahi kuwa mdhamini wa mfuko mdogo wa waajiriwa uliosimamiwa na kampuni binafsi. Taarifa ya robo mwaka ilikuja na ukurasa wa kwanza wa rangi, mchoro wa faida ukipanda kama ngazi. Makato yalikuwa ukurasa wa saba, kwa herufi ndogo: ada ya msimamizi wa mfuko, ada ya meneja wa uwekezaji, ada ya benki inayotunza mali, ada ya mkaguzi, na mstari mmoja ulioandikwa "gharama nyingine" bila maelezo. Kila mstari peke yake ulionekana mdogo. Nilipoyajumlisha na kuyagawa kwa thamani ya mfuko, yalizidi asilimia 2 kwa mwaka. Wanachama wengi walikuwa wahudumu na madereva, na hakuna aliyewahi kufika ukurasa wa saba.

Asilimia 2 inasikika kama sumni iliyodondoka sakafuni. Chukua nusu yake tu. Mfanyakazi ana mshahara wa milioni moja, mchango wote ni 150,000 kwa mwezi, milioni 1.8 kwa mwaka, kwa miaka 30. Faida ikiwa asilimia 10 kwa mwaka, anaondoka na takriban milioni 296. Asilimia moja ikiliwa na ada, akabaki na 9, anaondoka na milioni 245. Milioni 51 zimekwenda, na hakuna aliyeiba. Kila kitu kiko kwenye mkataba aliousaini. NSSF ilitangaza riba ya asilimia 11.5 kwa mwaka wa fedha 2023/24, na mali zake zilikuwa zimepita shilingi trilioni 22. Ukubwa huo una maana moja kubwa kwa mchangiaji: gharama ya kumhudumia inagawanywa kwa watu wengi. Ukiupasua mfuko vipande kumi, gharama haipasuki nao.

Watetezi wa ubinafsishaji hupenda kutupeleka Chile. Twende. Mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi wa Pinochet, Chile iliwahamishia wafanyakazi kwenye akaunti binafsi, kila mmoja akiweka asilimia 10 ya mshahara kwenye kampuni za kutunza akiba. Benki ya Dunia ikaja na ripoti yake ya 1994, na nchi nyingi zikafuata njia inayofanana. Kuanzia 1981 hadi 2014 zilikuwa 30, na Shirika la Kazi Duniani lilipohesabu mwaka 2018, 18 kati ya hizo zilikuwa zimerudi nyuma, kwa sehemu au kabisa. Argentina ilizirudisha akaunti serikalini mwaka 2008, Hungary kuanzia 2010. Chile yenyewe ililazimika mwaka 2008 kuanzisha pensheni ya msingi inayolipwa kwa kodi, kwa sababu akina mama waliokaa nyumbani kulea, na vibarua wa msimu, walifika uzeeni na akaunti zenye vijisenti. Nilipomsimulia Afande, kilichomkamata ni jambo moja: Chile ilipobinafsisha, wanajeshi na polisi waliachwa kwenye mfumo wa zamani. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wenye bunduki walikataa," akasema.

Nigeria ilipita njia hiyo mwaka 2004. Kenya, kwa sheria yake ya NSSF ya 2013, iligawa mchango ngazi mbili na kuruhusu ile ya pili ipelekwe mfuko binafsi kwa idhini. Hizo ni njia za kujadiliwa kwa utulivu, na ya Kenya ina mambo tunayoweza kuazima. Lakini mezani iwekwe gharama ambayo sijaisikia kwenye redio hata mara moja, ile ya kuvuka. Leo serikali inawalipa wastaafu kwa kodi za leo. Ukiwahamishia walimu na polisi wa sasa kwenye akaunti, serikali italazimika kuweka mchango wa kila mmoja kila mwezi, na papo hapo iendelee kuwalipa akina Afande na wote waliokwisha ahidiwa. Inalipa mara mbili, kwa miongo. Pesa hizo zitatoka kwenye kodi au mkopo, na mkopo wenyewe utauzwa kama hati fungani kwa yaleyale makampuni, yakitoza ada.

Sisemi mfumo wa umma unajilinda wenyewe. Tanzania mwaka 2018 mifuko iliunganishwa, kikokotoo kipya kikashusha mkupuo hadi asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele hadi Rais Magufuli akakisimamisha Desemba mwaka huohuo. Pale hapakuwa na kampuni binafsi yoyote. Nataka tu tuache kudhani kwamba kubadilisha mwenye kutunza pesa ni sawa na kuilinda.

Na kuna wale ambao mjadala huu hauwagusi kabisa. Mama anayeuza ndizi hatua chache kutoka kwa Afande hana NSSF wala kikokotoo. Cha kwake ni shilingi 25,000 kwa mwezi za ruzuku ya wazee, na atazipata akifikisha miaka 80. Upande wa pili, wabunge wanaopigia kura miswada hii wana mfuko wao uliowekwa kwa sheria ya 2007, mbunge akichangia asilimia 15 na serikali ikimwongezea 30. Ningependa kila mtangazaji aanze kipindi kwa kusoma namba hizo mbili.

Muswada mwingine ukija, nitakwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha ada. Kama hakuna ukomo ulioandikwa kwa namba, nitaupinga. Nitatafuta pia kifungu kinachosema nani analipa mstaafu akiishi kuliko akiba yake, na jedwali la gharama za kuvuka mwaka kwa mwaka.

Nilimsomea Afande vifungu hivyo vitatu. Akaikunja ile karatasi ya chapati yenye hesabu, akaitia mfuko wa shati. Alhamisi nimealikwa tena studio, na ameniahidi kwamba atapiga simu kipindini aulize swali lake la miaka tisini mwenyewe.